Kabla Hujanunua Pawa ya Kukata Kuni

Haya ni maelezo ya afisa wa ugani wa misitu kwa vikundi vya wakulima wa miti na vijana wakata kuni wa pande za Gede na Matsangoni. Tumeyachapa kama alivyoyatoa, kwa faida ya wakaazi wa wadi nyingine.

 

Swali ninaloulizwa kila ninapotembelea kikundi ni hili: afisa, tununue pawa gani? Nami huuliza kwanza: mnakata mti gani, una unene kiasi gani, na mara ngapi kwa mwezi? Dukani hakuna atakayewauliza hivyo. Mtaonyeshwa mashine kubwa kuliko zote, na kijana akiona lile bamba refu roho humwenda mbio. Kisha pawa hiyo inaletwa shambani kukata mvinje wa miaka sita, mti ambao haufiki unene wa paja la mtu mzima.

Tuangalie kuni zetu wenyewe. Sehemu kubwa ni mvinje, kwa sababu tumeupanda kwa ajili ya boriti, na vilele na matawi yanayobaki ndiyo kuni bora. Mvinje huwaka hata ukiwa haujakauka sawasawa. Kuna mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi. Kuna mikorosho na miembe ya zamani isiyozaa tena. Kwa kazi hiyo, msumeno wa mnyororo wenye injini ya cc 35 hadi 45 na bamba la inchi 14 au 16 unatosha kabisa. Bamba la inchi 16 hukata hata gogo linalokaribia unene wa mara mbili yake, ukikata upande mmoja kisha ukazunguka upande wa pili. Yule ambaye kazi yake ya kila siku ni kuni, anayewauzia shule na wapishi wa tanuri, achukue cc 50 hadi 60 na bamba la inchi 18. Zile za cc 70 na zaidi ni za kupasua mbao. Ukishazitia mafuta na kuzifunga bamba zinakaribia kilo 9, na mkono uliobeba kilo 9 tangu saa kumi na mbili asubuhi hautii tena ifikapo saa tano. Ajali nyingi hutokea wakati huo, mtu amechoka na anataka kumaliza gogo la mwisho.

Msifunge bamba refu kwenye injini ndogo pia. Mnyororo huenda polepole, injini hulia na kuchemka, na mafuta hayafiki vizuri hadi ncha ya bamba.

Mkifika dukani, msianze na bei ya mashine. Ulizeni kwanza bei ya mnyororo wa akiba, ya kichujio cha hewa, na ya kamba ya kuwashia, na muulize kama vitu hivyo viko hapo rafuni au vitaagizwa. Mashine ambayo vipuri vyake havipatikani Malindi, Kilifi wala Mombasa, hata ikiwa nusu ya bei, itakuwa kiti cha kuku baada ya mwaka. Namba iliyoandikwa kwenye boksi nayo msiiamini sana. Baadhi ya mashine za bei ya chini huandikwa cc 58 na injini ndani ni ndogo kuliko hivyo. Majina makubwa kama Stihl na Husqvarna yanaigwa sana; rangi ni ileile na herufi ni zilezile, ila chuma ni kingine. Nunueni kwa mtu anayetoa risiti yenye namba ya mashine. Risiti hiyo itawafaa tena barabarani, nitaeleza kwa nini.

Kwa pawa ya mkono wa pili, kuna jaribio dogo ambalo halihitaji fundi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika ule mpini wa kamba ya kuwashia peke yake, uinue mashine ining'inie kwa kamba hiyo. Ikishuka kwa mikupuo, ikisitasita, basi pistoni bado inabana. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, rudisha pesa mfukoni. Ukiweza, fungua egzosi uchungulie pistoni kwa tochi. Mikwaruzo ya kusimama maana yake iliendeshwa kwa petroli isiyo na oili ya kutosha. Angalia pia kwamba breki ya mnyororo inafanya kazi, ule mkono ulio mbele ya mshikio wa juu. Muuzaji akisema "hiyo huwa tunaitoa, inasumbua", ondoka.

Zipo sasa misumeno ya betri. Kwa kupogolea miti karibu na nyumba ni mizuri, kelele yake ni ndogo na haina moshi. Kwa anayekata kutwa nzima mbali na umeme, bado.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko kuchagua mashine. Pawa nyingi ninazoletewa zikiambiwa "zimeisha nguvu" hazijaisha nguvu. Mnyororo ni butu. Wazee walisema kinolewacho hupata.

Jino la mnyororo wa leo lina asili ya kuchekesha kidogo. Mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Buford Cox, aliona kiluwiluwi cha mdudu kikitafuna gogo, kikipita popote kitakacho bila kujali mwelekeo wa nyuzi za mti. Akakichunguza, akaona taya zake zinakata kushoto na kulia kwa zamu. Mwaka 1947 akatoa mnyororo wa namna hiyo, na ndio tunaoutumia hadi leo. Sisi wenye minazi tunawajua wadudu wenye taya za namna hiyo, ila hatukupata wazo la kuwageuza kuwa biashara.

Nimelieleza hilo kwa sababu ukilielewa jino, umeelewa kunoa. Meno yako mawili mawili, moja linakata kushoto na jingine kulia. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, msumeno utakwenda upogo ndani ya gogo. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kikiwa juu sana jino haliumi, kikiwa chini sana linauma kupita kiasi na mashine inaruka mkononi.

Dalili za ubutu mnaweza kuziona wenyewe. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti kama nazi iliyokunwa kwa mbuzi, na butu hutoa unga. Mkali huingia kwa uzito wake wenyewe; ukijikuta unausukuma kwa kifua, simama. Moshi ukitoka kwenye gogo ilhali tangi la oili ya mnyororo limejaa, simama.

Kunoa kunataka tupa ya duara yenye kipenyo kinacholingana na mnyororo wako. Mashine ndogo nyingi zina mnyororo mwembamba wa inchi 3/8, tupa yake ni ya milimita 4. Mnyororo wa inchi 0.325 unataka tupa ya milimita 4.8. Ule wa 3/8 wa mashine kubwa unataka 5.2 au 5.5, kulingana na mtengenezaji. Soma boksi la mnyororo. Banisha bamba lisicheze, funga breki, vaa glovu. Tafuta jino fupi au lililoumia kuliko yote uanze nalo. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 kwa minyororo mingi, tupa ikiwa imezidi kidogo juu ya jino, kama sehemu moja kati ya tano za unene wake. Sukuma tu, usivute kurudi, maana tupa hukata upande mmoja, kurudi unaiua bure. Hesabu misukumo. Kama jino la kwanza limetaka minne, yote ya upande huo yapate minne, kisha geuka ufanye upande wa pili. Baada ya kunoa mara tatu hadi tano, pima vile vinundu. Kwa kawaida viwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, na hupunguzwa kwa tupa bapa. Jino likibaki na urefu wa milimita 4, mnyororo umekufa. Usiuhurumie, utakukatikia.

Misukumo miwili mitatu kwa kila jino kila unapojaza tangi, hiyo ni dakika kumi. Anayengoja mpaka usikate kabisa atanoa saa nzima na atapoteza nusu ya jino.

Na kwetu pwani tuna adui ambaye vitabu vya mashine havimtaji vya kutosha. Ni mchanga. Mnyororo ukigusa ardhi yetu kwa sekunde moja, kazi yote ya tupa imekwenda. Msikate gogo likiwa limelala chini. Liwekeni juu ya magogo mawili, au tengenezeni farasi wa mbao. Gogo lililoburutwa na punda au trekta lina mchanga umejaa kwenye maganda, kwa hiyo pigeni brashi au mbandue ganda pale mtakapopitisha mnyororo. Mnazi nao ni mgumu kwa nje na hula meno upesi kuliko mti wowote hapa. Ukiwa na minazi ya kukata, weka mnyororo mmoja wa zamani kwa kazi hiyo tu. Miembe ya karibu na nyumba ichunguzeni kabla ya kuikata, kwa maana imepigiliwa misumari ya kamba za nguo tangu enzi za bibi, na waya wa mizinga ya nyuki umemezwa na ganda.

Upande wa mafuta nitakuwa mkali kidogo. Injini hii haina oili yake tumboni kama ya pikipiki. Oili huja ndani ya petroli. Kwa mashine nyingi za leo ni uwiano wa 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya tustroki. Kitabu cha mashine kikisema 25 kwa 1, basi ni mililita 200. Pimeni kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko wala kwa macho. Na ndugu zetu mlio karibu na wavuvi, oili ya mashine ya boti si ya pawa. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, pawa inapozwa na upepo tu na inapata moto mkali zaidi, kwa hiyo inahitaji oili iliyotengenezwa kwa injini za kupozwa na hewa. Changanyeni ya kutosha mwezi mmoja, isizidi. Msiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi.

Oili ya mnyororo ni nyingine, na ina tangi lake. Najua wengi hutia oili chafu iliyomwagwa gereji kwa sababu ni ya bure. Ina vumbi la chuma linalokula bamba, na mnyororo huirusha hewani mkaivuta na kuipaka ngozini, nayo ina kemikali za kuleta saratani. Hata shamba inalichafua. Ukikosa oili halisi, mafuta safi ya kupikia yanaweza kukusukuma siku moja, mradi jioni uoshe mnyororo na bamba, maana yakikauka hunata kama gundi.

Kichujio cha hewa kisafishwe kila siku ya kazi, kwa brashi au maji ya sabuni ya vuguvugu, kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Unga wa mti hujaa pia kwenye mapezi ya silinda na injini hupika. Mnyororo ukazwe mpaka ukae sawa chini ya bamba na bado uvutike kwa vidole; ukipoa baada ya kazi ulegezwe kidogo, kwa kuwa chuma kikipoa hujikunja na kubana. Bamba ligeuzwe juu chini mara kwa mara lisilike upande mmoja. Hewa ya chumvi hushika kutu usiku mmoja, kwa hiyo pangusa na upake oili kabla ya kuiweka. Masika ikija na kazi ikasimama zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote, kisha iwashe iunguruma mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu.

Kwa vikundi vinavyomiliki pawa moja, chagueni mtu mmoja wa kuitunza na daftari la nani ameichukua na ameirudisha vipi. Pawa inayopita mikono kumi bila mwenyewe haimalizi masika mawili.

Sasa miguu yenu. Nimepita barabarani asubuhi nikamwona kijana anakata mwarobaini amevaa ndara. Mnyororo kwa kasi kamili hupita mita 20 au zaidi kwa sekunde moja. Hakuna mtu anayewahi kuondoa mguu. Viatu viwe vigumu vyenye chuma kidoleni. Ipo suruali maalum yenye nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hutoka, hujisokota kwenye gurudumu la meno na kuusimamisha. Kikundi kikishindwa kununua mbili, kinunue moja na avae anayeshika pawa siku hiyo. Kofia ngumu, miwani, na vya kuziba masikio, kwa sababu kelele hii hupita desibeli 100, na sikio likishakufa halina tupa. Leso, shuka na mikono mirefu inayopepea vikae mbali.

Teke mnalijua. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa kitu, msumeno hurudi usoni kwa nguvu ambayo mkono hauizuii. Kwa hiyo mikono miwili kila wakati, kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio, uso usiwe kwenye mstari wa bamba, na msumeno usipande juu ya bega. Kupanda mwembe na pawa inayounguruma ni kazi ya mwenye vifaa na mafunzo. Jaza petroli injini ikiwa imepoa, na uiwashie hatua kadhaa mbali na ulipojazia, hasa kiangazi majani yakiwa makavu.

Asikate mtu peke yake. Kabla ya kuwasha, mjue simu ya nani ina chaji na bodaboda gani au gari gani litaitwa. Mtu akikatika, mlaze, bandika leso safi juu ya jeraha ukandamize kwa nguvu zote bila kuachia kuchungulia, na aende Malindi au Kilifi hospitali, palipo karibu. Msipake majani, wala mafuta, wala majivu.

Nimalizie na kibali, kwa sababu pawa nyingine hupotea kwa sheria kabla ya kuchakaa. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni kilomita mraba 420 hivi, nasi tunaishi ukingoni mwake. Kuni kavu zilizoanguka huokotwa kwa mkono na kwa idhini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kupitia vituo vyao vya Gede, Jilore na Sokoke na vyama vya jamii vya misitu. Pawa haina nafasi katika utaratibu huo. Mbambakofi na muhuhu vimekatwa humo kwa wizi miaka mingi, na mlio wa pawa husikika mbali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaweka faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili, kwa anayekata msitu wa umma bila idhini. Mikoko ya Mida nayo ni vivyo hivyo. Kaya zetu nazo ni misitu ya wazee, na tangu 2008 baadhi yake zimo kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Humo hata shoka huingia kwa ruhusa ya wazee.

Shambani kwako, miti ni yako, lakini pita kwanza kwa ofisi ya KFS au afisa wa wadi kabla ya kukata kwa ajili ya kuuza, upewe karatasi ya kuonyesha kuni zimetoka wapi na kibali cha kuzisafirisha. Ukisimamishwa barabarani na pikapu ya kuni, pawa ikiwa juu yake, karatasi hizo na ile risiti ya duka ndizo zitakazokutofautisha na mwizi wa msituni. Na mwarobaini ukiukata kwa mnyororo mkali, kisiki kikabaki safi bila ganda kuchanika, huchipua tena. Mvinje hauchipui vizuri, kwa hiyo kila unaoukata uwe na mche wake kitaluni.

Naona pawa tatu pale chini ya mwembe. Zileteni hapa mezani, na mwenye tupa aje mbele. Tutaanza na ile iliyokuwa ikitoa unga nilipoingia.